Oberlin: Mji Mdogo wa Chuo na Mtu Mmoja Aliyetekwa

Kila mwanafunzi wa fasihi hapa Makerere husikia, mapema au baadaye, habari za mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika chuoni hapa mwezi Juni 1962. Tunatajiwa waliohudhuria: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi humu humu na akiitwa James Ngugi. Katika orodha hiyo lipo jina la Mmarekani mmoja, mshairi Langston Hughes. Nilipokuwa mwaka wa pili nilimuuliza mhadhiri wetu kama "Langston" ni jina la ubatizo au la ukoo. Wenzangu walicheka. Mhadhiri hakucheka, alisema, "Nenda ukatafute, kisha utuletee jibu."

Jibu la haraka ni kwamba Langston ni jina la ukoo wa mama yake. Jibu refu lilinipeleka hadi Oberlin, mji mdogo wa chuo kaskazini mwa jimbo la Ohio, na nikakaa nalo muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Sababu ni kwamba historia ya mji huo iligusa jambo lililokuwa likinisumbua kuhusu maisha yetu hapa mlimani na watu wanaoishi chini yake. Jambo hilo nitalieleza mwishoni.

Historia ya Oberlin mara nyingi husimuliwa hivi: walikuja watu wema, wakajenga chuo chema, na chuo kikaufundisha mji wema. Katika insha hii ninapinga simulizi hiyo. Hoja yangu ni kwamba chuo peke yake kilisitasita mara nyingi. Ujasiri wa Oberlin ulitokana zaidi na jinsi watu walivyoishi: mwanafunzi, profesa, seremala na mtu aliyetoroka utumwani walitumia barabara moja, duka moja na kanisa moja, hata ikawa vigumu kumtoa mmoja wao bila wengine kujua.

Oberlin ilianza mwaka 1833. Mchungaji John Jay Shipherd na rafiki yake Philo Stewart, aliyewahi kuwa mmisionari, walipata ardhi ya msitu wakaanzisha makazi ya Kikristo pamoja na shule. Jina walilichukua kwa Jean-Frédéric Oberlin, mchungaji wa Alsace aliyesifika kwa kuinua maisha ya watu wa milimani. Waliohamia huko walitia sahihi agano la kuishi maisha ya kiasi: kuacha tumbaku, mapambo na vileo, na kujinyima hata chai na kahawa kadiri walivyoweza. Wanafunzi walitakiwa kusoma na pia kufanya kazi za mikono kila siku, kwa sababu kulikuwa na visiki vya kung'oa na nyumba za kujenga. Tangu mwanzo, basi, mji na chuo vilikuwa kitu kimoja. Hakukuwa na ukuta wala lango kati yao.

Lakini agano hilo halikusema lolote kuhusu watu weusi. Suala hilo lilikuja kwa mlango wa fedha. Kufikia mwisho wa mwaka 1834 chuo kilikuwa karibu kufilisika. Wakati huo huo, katika mji wa Cincinnati, wanafunzi wa seminari ya Lane walikuwa wameondoka chuoni kwao baada ya wadhamini kuwakataza kujadili utumwa. Shipherd, aliyekuwa safarini kutafuta misaada, aliona nafasi. Wanafunzi hao waasi wangekuja Oberlin, na wafanyabiashara wa New York, ndugu Arthur na Lewis Tappan, wangetoa fedha. Sharti lilikuwa kwamba wanafunzi wapokewe bila kujali rangi yao.

Mtu angetarajia mji wa wacha Mungu ukubali kwa furaha. Haikuwa hivyo. Wanafunzi walipoulizwa maoni yao, wengi walikataa. Mwezi Februari 1835 baraza la wadhamini lilikutana nyumbani kwa Shipherd na kura zikagawanyika nusu kwa nusu. Mwenyekiti, Mchungaji John Keep, ndiye aliyepiga kura ya kuamua. Hata azimio lenyewe liliandikwa kwa lugha ya kuzungukazunguka, likisema tu kwamba elimu ya watu wa rangi ni jambo la kutiliwa maanani na kuungwa mkono. Chuo ambacho leo kinajivunia kupokea wanafunzi weusi tangu 1835 kilifika hapo kwa kura moja, kikiwa na mfuko mtupu. Sisemi hivi ili kukidharau. Ninasema hivi kwa sababu sisi wanafunzi wa historia tunapenda kudhani kwamba matendo makubwa hutoka kwa watu waliokwisha kuamua mioyoni mwao. Hapa tendo lilitangulia, na mioyo ikafuata baadaye.

Kwa wanawake pia mambo yalikuwa nusu nusu. Mwaka 1837 wanawake wanne walianza masomo ya shahada sawa na wanaume, na watatu kati yao walihitimu mwaka 1841. Hilo lilikuwa jambo jipya nchini Marekani. Lakini kazi za mikono za wanawake zilikuwa kupika, kushona na kuwafulia wanafunzi wa kiume. Lucy Stone, aliyehitimu 1847 na baadaye kuwa mpiganiaji maarufu wa haki za wanawake, alichaguliwa kuandika hotuba ya mahafali. Alipoambiwa kwamba mwanamume ndiye atakayeisoma mbele ya watu, alikataa kuiandika.

Wakati chuo kikiendelea kusitasita hivyo, mji ulikuwa ukijaa. Habari kwamba kaskazini mwa Ohio kuna mahali ambapo mtoto mweusi anaweza kusoma zilienea. Familia za watu weusi huru zilihamia kutoka North Carolina na Virginia. Watu waliotoroka utumwa walivuka mto Ohio kutoka Kentucky, na waliofika Oberlin wakiwa njiani kwenda Canada, wengine waliamua kubaki. Kufikia mwaka 1860 karibu mtu mmoja kati ya kila watano mjini alikuwa mweusi. Walikuwa mafundi: Lewis Sheridan Leary alitengeneza matandiko ya farasi, na mpwa wake John Anthony Copeland alikuwa seremala aliyewahi kusoma katika idara ya maandalizi ya chuo. John Mercer Langston, aliyehitimu 1849, alikuwa wakili, na mwaka 1855 alichaguliwa na wapiga kura weupe kuwa karani wa kata ya Brownhelm, jirani na hapo. Kaka yake, Charles Langston, naye alikuwa amesoma Oberlin. Hili ndilo jina nililokuwa nikilitafuta.

Sasa tuitazame sheria. Mwaka 1850 bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, hata kutoka majimbo yasiyo na utumwa. Aliyedaiwa kuwa mtumwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe wala kupata baraza la wazee wa mahakama. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akiamua kwamba mtu huyo ni mtumwa, na dola 5 akimwachia huru. Aliyemsaidia mtoro alitishiwa faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Zaidi ya hayo, raia yeyote angeweza kuamriwa kusaidia katika msako. Sheria haikumwacha mtu akae kando. Ilimtaka fundi viatu wa Oberlin amkamate mteja wake.

Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Septemba 1858, sheria hiyo ilifika Oberlin. Kijana aitwaye John Price, aliyetoroka utumwani Kentucky, alikuwa akiishi mjini. Wawindaji wa watumwa kutoka Kentucky, pamoja na afisa wa serikali kuu kutoka Columbus, walijua kwamba wakimkamata katikati ya mji hawatatoka salama. Walimtumia mtoto wa miaka 13, mwana wa mkulima wa jirani, wakamlipa dola 20. Mtoto huyo alimwendea Price na gari la farasi akamwambia kuna kazi ya kuchimba viazi. Nje ya mji, gari la pili liliwafikia. Price alishikwa na kupelekwa Wellington, mji ulio umbali wa maili tisa hivi kusini, kusubiri treni ya jioni katika hoteli moja.

Njiani gari hilo lilipishana na mwanafunzi wa Oberlin, Ansel Lyman. Price alipiga kelele ya kuomba msaada. Lyman hakujaribu kupambana na watu wenye silaha. Alichofanya ni kwenda mjini haraka na kusema alichokiona.

Sehemu hii niliisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Baadaye yalifuata mambo makubwa, lakini yote yalitegemea hatua hiyo ndogo: mtu aliona, na alijua wa kumwambia. Katika muda mfupi watu walianza kuondoka Oberlin kwa farasi, kwa magari ya kukokotwa na kwa miguu. Walikuwamo wanafunzi, wakulima, muuza vitabu, mafundi na watu weusi ambao wenyewe wangeweza kukamatwa kwa sheria ile ile. Wellington nako watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na umati ukafikia mamia, ukaizunguka hoteli. Kwa saa kadhaa kulikuwa na mazungumzo. Charles Langston aliingia ndani kujaribu kumshawishi afisa amwachie Price kwa amani, akamwonya kwamba watu walio nje hawataondoka bila yeye. Jioni ilipokaribia na saa ya treni nayo, vijana walisukuma milango, wakapanda hadi darini alikofichwa Price, wakamteremsha na kumpakia katika gari la Simeon Bushnell, karani wa duka la vitabu. Hakuna aliyeuawa.

Price alirudishwa Oberlin na kufichwa katika nyumba ya profesa James Fairchild, mtu mpole na mwenye heshima ambaye hakuna angemshuku. Mimi naona jambo hili lina uzito. Profesa huyo hakuongoza umati wala hakuhutubia. Alitoa chumba. Baada ya siku chache Price alisafirishwa kwenda Canada, na tangu hapo jina lake halionekani tena katika kumbukumbu. Mtu aliyekuwa kiini cha habari yote alikwenda kuishi maisha yake, na hilo ndilo hasa alilokuwa akilitafuta.

Serikali haikunyamaza. Watu 37 wa Oberlin na Wellington walishtakiwa, weusi na weupe. Kesi ilisikilizwa Cleveland mwaka 1859, mbele ya wazee wa mahakama ambao wote walikuwa wa chama cha Democratic, chama kilichotawala wakati huo. Waliofikia hukumu walikuwa wawili tu, Bushnell na Charles Langston. Kabla ya kuhukumiwa, Langston alipewa nafasi ya kuzungumza. Alieleza kwamba mahakama hiyo haikumhukumu kupitia watu wa hali yake, kwamba yeye kama mtu mweusi asingeweza kutegemea ulinzi wa sheria ile, na kwamba siku nyingine mtu akitekwa karibu naye atafanya vile vile. Inaelekea jaji aliguswa: Bushnell alipewa siku 60 na faini ya dola 600, lakini Langston alipewa siku 20 na faini ya dola 100. Wengine kati ya washtakiwa walikataa dhamana wakabaki gerezani kwa wiki nyingi, wakachapisha hata gazeti lao humo humo. Mahakama ya juu ya Ohio iliombwa iwaachie kwa hoja kwamba sheria ya 1850 ni batili, ikakataa kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Kilichowatoa hatimaye ni ujanja wa wilaya. Maafisa wa wilaya ya Lorain, ilipo Oberlin, waliwafungulia wawindaji wanne mashtaka ya utekaji nyara. Wawindaji hao, wakijua kwamba watahukumiwa na majirani wa Price, walikubali mapatano: kesi zote zifutwe pande zote mbili. Mwezi Julai 1859 wafungwa walirudi Oberlin wakapokewa kwa kengele na nyimbo.

Wawili walioshiriki katika uokoaji ule, Leary na Copeland, hawakuishi kuumaliza mwaka uliofuata tukio hilo la Cleveland kwa amani. Mwezi Oktoba 1859 walijiunga na John Brown katika shambulio la Harpers Ferry, Virginia, lililokusudia kuanzisha uasi wa watumwa. Leary alikufa kwa majeraha. Copeland alinyongwa tarehe 16 Desemba.

Ningeweza kuishia hapa na insha ingependeza, lakini isingekuwa ya kweli. Mwaka 1862 ndio mwaka ambao Mary Jane Patterson alihitimu Oberlin na kuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani anayejulikana kupata shahada ya kwanza. Mwaka huo huo mwanafunzi mwingine mweusi, Edmonia Lewis, alituhumiwa kuwatilia sumu katika mvinyo wasichana wawili weupe aliokuwa akiishi nao nyumba moja. Kabla kesi haijasikilizwa, watu wasiojulikana walimkamata, wakampiga na kumwacha nje katika baridi. John Mercer Langston alimtetea mahakamani, na kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Hata hivyo, aliondoka bila kuhitimu. Alikuja kuwa mchonga sanamu mashuhuri akiishi Roma, na chuo kilimtunuku shahada mwaka 2022, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.

Mji ni ule ule, na miaka minne tu imepita. Watu walioendesha farasi maili tisa kumwokoa John Price, walikuwa wapi usiku ule? Nadhani swali hili linaimarisha hoja yangu. Wema wa Oberlin haukuwa mali iliyowekwa akiba mwaka 1835 ili itumiwe daima. Ulikuwapo pale ambapo mtu alionekana na wenzake kuwa mmoja wao, na ulikosekana pale alipoonekana mgeni. Edmonia Lewis alikuwa ndani ya chuo, katika nyumba ya heshima, na bado alikuwa peke yake. John Price hakuwa mwanafunzi, lakini barabara nzima ilimjua.

Sasa nirudi kwa lile jambo lililonisumbua. Chini ya mlima wetu kuna Wandegeya, ambako sote tunanunua roleksi na kutoa nakala za vitabu. Karibu na hosteli niliyokuwa nikiishi mwaka wa kwanza kulikuwa na mama aliyekaanga mihogo kando ya barabara. Aliniita "mwanangu", na mara mbili alinikopesha chakula hadi fedha za nyumbani zilipofika. Asubuhi moja wanaume waliovaa sare walikuja na gari la wazi, wakachukua jiko lake, sufuria na mihogo yake, naye wakampandisha garini. Tulikuwa wanafunzi wengi barazani. Tuliona kila kitu. Mmoja alipiga picha. Kisha tukaenda darasani, na siku hiyo, nakumbuka vizuri, somo lilikuwa historia ya harakati za ukombozi.

Sijaribu kulinganisha mihogo na utumwa. Tofauti ni kubwa mno. Ninacholinganisha ni sisi na Ansel Lyman. Yeye alipoona alikuwa na pa kupeleka habari. Mimi sikujua jina la yule mama. Sikujua anaishi wapi, jamaa zake ni akina nani, wala nani pale Wandegeya angejali. Nilikuwa nimeishi karibu naye miezi minane nikila chakula chake. Hata kama ningekuwa na ujasiri wa kukimbia, ningekimbilia kwa nani?

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba kazi ya chuo kwa mji ni kuuelimisha. Oberlin inaonyesha kwamba kazi ya kwanza ni kujuana. Elimu ya Langston ilimpa maneno ya kusema mbele ya jaji, na hilo si dogo. Lakini aliyemfikisha Langston Wellington ni taarifa iliyopita mdomo kwa mdomo katika mji ambao watu waliitana kwa majina.

Jibu nililompelekea mhadhiri ni hili. Mjane wa Lewis Sheridan Leary, Mary, baadaye aliolewa na Charles Langston. Binti yao, Carrie, ndiye aliyemzaa Langston Hughes. Mshairi huyo alilelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake huyo katika mji mwingine mdogo wa chuo, Lawrence, Kansas, na bibi alikuwa na shali iliyosemekana kuwa ya Leary, yenye matundu ya risasi za Harpers Ferry, ambayo alimfunika nayo mjukuu wake alipolala. Mtoto aliyelala chini ya shali hiyo ndiye aliyepanda mlima wetu mwaka 1962.

Mhadhiri alinishukuru, akaniuliza kama nimejifunza jambo jingine lolote. Nilimwambia kwamba jioni iliyotangulia niliteremka Wandegeya kuulizia. Yule mama alirudi zamani na jiko jipya, mtaa wa pili kutoka pale alipokuwa. Nimeshamuuliza jina lake.